Kadi ya Mickey Mantle ya 1952: si ya kwanza, si adimu kuliko wenzake, sasa hizo milioni 12.6 za nini?

#1 Chuma Chakavu
Wakuu, salaam.

Kazi yangu huku Ohio ni kutoa vitu kwenye nyumba za wazee waliofariki au waliohamia vituo vya kulelea wazee. Karibu kila nyumba haikosi boksi la viatu lililojaa kadi za besiboli. Familia nyingine zinasema tupa kule, nyingine zinataka kila karatasi ihesabiwe mbele yao. Ndiyo nikaanza kuzifuatilia, na kuna moja ambayo hesabu yake hainiingii.

Agosti 2022, kadi ya mchezaji Mickey Mantle, ya kampuni ya Topps ya 1952, namba 311, ilinadiwa kwa dola milioni 12.6. Iliipita hata ile jezi ya Maradona ya "mkono wa Mungu", ambayo ilikuwa imeuzwa mwezi Mei mwaka huohuo kwa zaidi ya milioni 9.

Sasa angalieni. Kadi yake ya kwanza, ya uchipukizi, ni ya kampuni ya Bowman ya 1951, namba 253. Hiyo ya 1952 ni ya pili. Na hata uadimu wenyewe hauipi sababu, maana kiwandani ilichapwa mara mbili kwenye kila karatasi. Kwa hiyo watu wanalipia nini? Naomba majibu ya maana, siyo yale ya "wazungu wana hela za kuchezea".

#2 Mlugaluga
Wazungu wana hela za kuchezea.

#3 NyotaNjema
Nimekaa paleee. Kadi niliyonayo mimi ni ya bima ya afya tu, na yenyewe imeshaisha muda.

#4 Kidau wa Pwani
Jamani kabla hamjafika mbali, huyo Mantle ndiye nani? Sie huku Mombasa twawajua Pelé na Maradona. Besiboli twaiona kwa sinema tu, mtu akivunja kioo cha jirani.

#5 Mgosi wa Minnesota
@Kidau wa Pwani, kijana wa Oklahoma, mtoto wa mchimba madini ya risasi na zinki. Aliingia Yankees ya New York 1951 akiwa na miaka 19, akatoka 1968, klabu moja tu maisha yake yote. Homurani (mpigo unaoutoa mpira nje ya uwanja) 536. Mchezaji bora wa ligi mara tatu: 1956, 1957 na 1962. Alipiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto, akachukua ubingwa wa World Series, yaani fainali za ligi kuu, mara saba. Homurani zake 18 za World Series hakuna aliyezifikia mpaka leo.

Na alicheza na goti bovu. Fainali za 1951 alikuwa anaukimbilia mpira, mwenzake DiMaggio akasema ni wangu, yeye akafunga breki ghafla, mguu ukanasa kwenye mfuniko wa mfereji uwanjani. Goti halikuwahi kupona sawasawa. Aliyeupiga mpira ule ni Willie Mays. Wekeni jina hilo kichwani, najua Ukweli Mchungu akifika atalileta.

#6 Babu Tembo
Jibu lipo baharini. Topps ilitoa kadi za 1952 kwa mafungu. Fungu la mwisho, kuanzia namba 311 hadi 407, lilitoka msimu unakaribia kuisha. Watoto walishahamia kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, maduka hayakutaka mzigo. Makasha yakalala ghalani miaka na miaka. Sy Berger, yule yule aliyezibuni hizo kadi mezani jikoni kwake Brooklyn, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 hivi aliyapakia kwenye tishari, likakokotwa mpaka bahari kuu, wakayamwaga Atlantiki. Makasha 300 hadi 500. Mantle alikuwamo. Funga uzi.

#7 Chuma Chakavu
@Babu Tembo, asante, ila uzi haufungwi hivyo. Tishari halikuchagua Mantle, limemwaga fungu zima. Toka 311 mpaka 407 ni kadi 97. Karatasi ya kiwandani ilibeba kadi 100. Zile nafasi tatu zilizobaki wakazijaza kwa kurudia watu watatu: Mantle 311, Jackie Robinson 312 na Bobby Thomson 313. Maana yake kwa kila kadi moja ya Eddie Mathews, namba 407, zilichapwa mbili za Mantle. Tena hiyo ya Mathews ndiyo kadi yake ya uchipukizi, na yeye alipiga homurani 512. Kama uadimu ndio bei, Mathews angekuwa juu.

Hizo mbili za Mantle unaweza hata kuzitofautisha ukigeuza nyuma: mshono wa mpira uliochorwa pale penye namba umeelekea pande tofauti.

#8 Babu Tembo
Umenijibu kwa kalkuleta, mimi nimekujibu kwa historia. Nani aliiona hiyo karatasi?

#9 Mgosi wa Minnesota
Babu, na tishari nani aliliona? Msimulizi ni Berger peke yake, na alikuwa mfanyakazi wa kampuni inayouza kadi. Mimi siipingi, ila hadithi inayopandisha bei ya bidhaa, ikitoka mdomoni kwa mwenye bidhaa, naisikiliza nikiwa nimeshika pochi.

#10 Kaka Goma
Ndugu zangu, mimi niko Iowa, nafanya kazi na wamarekani wa umri wa kustaafu. Mwaka 1952 walikuwa hawajazaliwa, lakini wote wana hadithi moja ya baba au kaka mkubwa: "Mama alitupa kadi zetu alipoenda jeshini." Kingine, watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli ili gurudumu litoe mlio kama pikipiki.

Kwa hiyo hesabu ya kiwandani haina kazi sana. Hesabu ni ya zilizopona. Na wale watoto walipofika umri wa miaka 40, miaka ya 1980, wakawa madaktari na mawakili wenye hela, walitaka kununua tena kile mama alichokitupa. Walimtaka nani? Shujaa wao wa utotoni. Timu ya mji mkubwa kuliko yote, na runinga ndiyo kwanza inaingia nyumbani. Mathews alikuwa Milwaukee miaka yake bora, nani alimwona?

#11 Ukweli Mchungu
Nimefika. Tuseme kile mnachozunguka.

Namba 312, Jackie Robinson. Karatasi ileile, wino uleule, imerudiwa mara mbili vilevile, tishari lilelile la Babu Tembo. Timu yake ni Brooklyn, yaani New York hiyohiyo, kwa hiyo hoja ya mji mkubwa Kaka Goma aiweke kando. Huyu ndiye aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka 1947. Kwa historia ya taifa Mantle hafui dafu. Mbona kadi yake inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya jirani yake?

Halafu Willie Mays. Homurani 660, tuzo za glavu ya dhahabu kwa ulinzi bora uwanjani 12, kaanza ligi mwaka mmoja na Mantle, mji mmoja. Kadi yake ni Bowman 1951 namba 305. Linganisheni bei. Rangi ya ngozi, basi.

#12 Mgosi wa Minnesota
Nilisema atakuja 😂

Hoja yako ina uzito, lakini usiifanye kuwa ndiyo pekee. Robinson kadi zake za mwanzo ni za miaka ya 1940, ile ya kampuni ya Leaf ya 1948 kwa mfano, kwa hiyo wakusanyaji wake wanagawanyika. Mays alikosa sehemu kubwa ya 1952 na 1953 yote kwa sababu ya jeshi, na 1958 timu yake, Giants, ikahamia San Francisco. Mantle alibaki New York akifika fainali karibu kila mwaka.

Wanauchumi wa Marekani wameipima bei ya kadi na rangi tangu mwaka 1990 hivi. Wengine wameona tofauti, wengine hawakuiona. Siyo jambo la "basi".

#13 Ukweli Mchungu
Kila nikileta kadi ya mweusi mnapata udhuru: huyu alianza mapema, huyu alienda jeshini, yule alihama. Mantle yeye kadi yake ya uchipukizi ni ya 1951, mbona wakusanyaji wake "hawakugawanyika"?

#14 NyotaNjema
Hapo Mgosi ameshikwa. Ongezeni chai.

#15 Saada wa Toronto
Habari zenu. Mimi nauza kadi mwishoni mwa wiki kwenye maonyesho, hoki zaidi, besiboli kidogo. Nishangae kidogo: watu wanane mmebishana na hakuna aliyeitazama kadi yenyewe.

Bowman ya 1951 ni ndogo, imechorwa kama picha ya rangi ya maji, nzuri lakini imepoa. Topps ya 1952 wakaja na kadi kubwa, sentimita 6.7 kwa 9.5, nembo ya timu, sahihi ya mchezaji imechapwa mbele, takwimu zake nyuma. Kadi za leo zote zimetokana na ile. Niliishika moja iliyofungwa kwenye kiboksi cha plastiki, imechoka, pembe zote nne zimekuwa mviringo, mkunjo umepita begani. Bado ilikuwa inawaka. Anga la buluu kali, gongo la njano begani, kijana anatazama juu kando kama kuna mtu kamwita. Nyuma karatasi imegeuka rangi ya chai. Mwenyewe alitaka maelfu ya dola kwa kadi iliyokunjamana vile, na alipata.

Watu wananunua picha. Mathews wa 407 picha yake haikukamati hivyo.

#16 Mwanagenzi77
Habarini wadau. Mimi mgeni. Nina hiyo Mantle ya 1952, nilipewa na mzee niliyekuwa namwangalia Texas, pamoja na nyingine nyingi. Iko safi kabisa, pembe kali. Naiuzaje? Dalali mmoja kaniambia nimtumie kwa posta aitazame.

#17 Saada wa Toronto
Usimtumie mtu chochote! Chukua rula, pima upana na urefu, kisha urudi hapa. Usiitoe kwenye bahasha kwa vidole vyenye mafuta.

#18 Mlugaluga
@Mwanagenzi77 mimi ni binamu yako, umenisahau?

#19 Kidau wa Pwani
Rula yatafutwa Texas nzima. Tumsubiri.

#20 Fundi Gredi
Wakati tunamsubiri, mimi nina jibu la tano. Soko lilitengenezwa.

Mwaka 1986 mfanyabiashara Alan Rosen, aliyejiita "Mr. Mint", alipigiwa simu kutoka Massachusetts. Akakuta shehena ya Topps ya 1952 iliyokaa bila kuguswa, na ndani yake rundo la Mantle safi kama zimetoka kiwandani jana. Akaziuza moja moja, na kila aliponunua au kuuza alitangaza, hela mkononi, picha magazetini. Hiyo ya milioni 12.6 ilitoka humo. Yeye mwenyewe aliiuza 1991 kwa dola 50,000, na wakati ule watu walimwona mnunuzi ni chizi.

Soko haliwezi kujengeka juu ya kitu ambacho hakuna wa kukiuza. Mantle zilikuwepo za kutosha kununuliwa, kuuzwa, kupigiwa kelele, kuwekwa kwenye orodha ya bei kila mwezi. Yaani ule urudufu wa Chuma Chakavu ndio uliosaidia bei, haukuipunguza. Halafu mwaka huohuo wa 1991 ikaanza PSA, kampuni ya kupima kadi na kuipa gredi 1 hadi 10. Iliyouzwa 2022 ilikuwa na 9.5 ya SGC, kampuni nyingine ya kupima. Kadi ileile yenye gredi 1 ni bei ya gari la mtumba. Kadi za fungu hili nyingi zilikatwa kombo, picha haikai katikati, ndiyo maana gredi za juu zinahesabika kwa vidole.

#21 Babu Tembo
Fundi, hizo gredi ndizo za kuaminiwa? Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ni ile ya mchezaji wa zamani Honus Wagner, ya seti iitwayo T206, waliyoinunua nyota wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake 1991 kwa dola 451,000. Wakaipa 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa kaimiliki kabla, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo kwa mashine ili ionekane kali. Mpaka leo imo kwenye kiboksi chake cha 8.

#22 Fundi Gredi
Na 2007 iliuzwa milioni 2.8 tayari minong'ono ipo. Umenisaidia hoja yangu, Babu. Ikishapata jina, hata doa linakuwa sehemu ya jina.

#23 Kaka Goma
Huyo Wagner si ndiye alikataa picha yake iwekwe kwenye sigara sababu ya watoto?

#24 Babu Tembo
Ndivyo wanavyosema. Kadi zile zilitolewa na kampuni ya tumbaku 1909 hadi 1911, ya kwake ikasimamishwa mapema, zilizobaki hazifiki mia. Lakini Wagner mwenyewe alikuwa mtafuna tumbaku hodari. Wengine wanasema alitaka malipo, hakulipwa, akagoma. Chagua unayoipenda.

#25 Mama Pilau
Mimi sikusanyi, ila nilikuwa keshia duka kubwa wakati wa korona. Msinikumbushe. Watu wazima na ndevu zao wanalala kwenye magari alfajiri kusubiri jamaa wa kadi apange rafu. Wakiingia hawaangalii maziwa wala mkate, wanakimbilia kadi. Meneja akaweka sheria pakiti chache kwa mtu, mmoja akaniletea mke, shemeji na mtoto wa jirani, kila mmoja na fungu lake. Mwaka 2021 Wisconsin jamaa aliwahi kutoa bastola nje ya duka kwenye ugomvi wa kadi, mpaka Target ikasitisha kuziuza madukani kwa muda.

#26 Mlugaluga
Yaani karatasi yenye bigijii.

#27 Mgosi wa Minnesota
Kweli kabisa, Topps ni watu wa bigijii, hao hao wa Bazooka. Kadi ilikuwa chambo cha kuuzia bigijii.

#28 NyotaNjema
Bigijii mmenikumbusha mbali. Sisi Tabora tulikusanya vizibo vya soda vyenye picha chini ya plastiki. Kaka yangu alikuwa na kopo zima, mama akalipeleka kwa fundi bati pamoja na mabati chakavu. Kaka Goma, wamama wa dunia nzima ni wamoja.

#29 Mwanagenzi77
Samahani nilikuwa kazini. Upana sentimita 6.35, urefu 8.9.

#30 Saada wa Toronto
Pole mdogo wangu. Hicho ni kipimo cha kadi za kisasa. Topps walizichapa upya 1983, na 1996 wakarudia za Mantle baada ya yeye kufariki 1995. Geuza nyuma, utafute neno dogo "Reprint".

#31 Mwanagenzi77
Lipo.

#32 Kidau wa Pwani
Mlugaluga, binamu yako huyo, mfariji.

#33 Saada wa Toronto
@Mwanagenzi77, nyingine ni za miaka gani? Zikiwa 1986 mpaka 1993 usijipe presha, zilichapwa kama magazeti. Topps ya 1987 yenye fremu ya rangi ya mbao, Barry Bonds yumo, watu wanazo maboksi kwa maboksi. Ila tafuta Upper Deck ya 1989 namba 1, Ken Griffey Jr. Nazo zimejaa, lakini safi inauzika. Zikiwa za kabla ya 1970, weka picha hapa kabla hujazungumza na dalali yeyote.

#34 Ukweli Mchungu
Griffey mweusi, kadi namba 1, kila mtoto wa Marekani aliitaka. Na hiyo mtasema nini?

#35 Mgosi wa Minnesota
Hiyo si inapinga hoja yako mwenyewe?

#36 Ukweli Mchungu
Haipingi. Inaonyesha watoto wa 1989 hawakuwa watoto wa 1952. Bei ya Mantle inalipwa na kizazi kilekile mnachokisifia. Kikiisha tutaona.

#37 Fundi Gredi
Mnunuzi wa PSA 9 ya milioni 5.2, Januari 2021, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Hakumwona Mantle akicheza. Kizazi kinaisha, jina linabaki.

#38 Ssebo wa Mukono
Hamjambo. Mbona hakuna anayetaja Uganda? Watoto wa Lugazi walicheza Little League World Series 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. 2011 wenzao walifuzu wakanyimwa viza. Klabu ya ligi kuu ya Dodgers ilisajili vijana wetu wawili 2022, Ben Serunkuma na Umar Male. Mimi nasubiri Mganda wa kwanza kuingia ligi kuu, nitanunua kadi zake zote ningali na hela ya boda.

#39 Chuma Chakavu
@Ssebo wa Mukono, hiyo ndiyo kamari ya kweli, kununua kabla jina halijatoka. Mwaka 2025 kadi ya Paul Skenes wa Pittsburgh, yenye kiraka cha jezi aliyoivaa mechi yake ya kwanza, ipo moja tu duniani, iliuzwa zaidi ya milioni 1.1. Aliyeitoa kwenye pakiti ni mtoto wa miaka 11 Los Angeles. Klabu ilimwahidi tiketi za miaka 30 akiwapa, familia ikakataa.

Narudi kwenye mada. Tishari, mama, mji, rangi, picha, soko. Kila jibu nikilishika peke yake linaacha kadi moja nje: tishari linamwacha Mathews, picha inaiacha ile ya Robinson ambayo nayo ni nzuri, soko halijibu kwa nini Rosen alipigia debe Mantle na siyo mwingine.

#40 Saada wa Toronto
Rosen alipigia debe alichoulizwa na wateja. Nasema tena, picha.

#41 Babu Tembo
Tishari.

#42 Mama Pilau
Na kodi je? Nimesikia mtu akiuza vitu vya mkusanyiko, serikali kuu huku inachukua mpaka asilimia 28 ya faida.

#43 Fundi Gredi
Ni kweli, kama umekaa nacho zaidi ya mwaka. Hisa za kawaida ukomo ni 20. Chini ya mwaka inahesabiwa kama kipato cha kawaida. Tunza risiti ya ulichonunulia.

#44 Mwanagenzi77
Wakuu nimepekua boksi lote. Hakuna Griffey. Kuna Mathews mmoja, fremu nyeupe, namba 407, nyuma hakuna neno Reprint. Betri ya simu imeisha nguvu, picha naweka jioni.

#45 Mlugaluga
Pima kwanza, binamu.